Daraja la barabara kuu likianguka: namna ya kukadiria siku za kulirudisha

Daraja likishakatika, dereva wa basi, mwenye lori la mbao, mfanyabiashara wa nyanya na ndugu wa mgonjwa anayesubiriwa hospitali ya rufaa wanauliza swali moja: lini tutapita? Jibu linalotangazwa huwa ni tarehe moja, na hiyo tarehe moja ndiyo inayowachanganya watu. Daraja lina tarehe tatu. Kuna siku gari dogo litakapovuka kwa njia ya muda, kuna siku lori lenye mzigo kamili litakapovuka, na kuna siku daraja la kudumu litakapokabidhiwa. Zinaweza kupishana kwa miezi, hata mwaka.

Chukua daraja la mto Skagit kwenye barabara kuu ya I-5, jimbo la Washington, Marekani. Mei 23, 2013, lori lililobeba mzigo uliozidi kimo liligonga vyuma vya juu vya daraja, na kipande kimoja chenye urefu wa mita 49 hivi kikaanguka majini. Watu watatu walitumbukia na magari yao, wote wakaokolewa. Juni 19 magari yakaanza kuvuka tena juu ya madaraja mawili ya chuma ya kuunganisha, kwa mwendo uliopunguzwa na bila ruhusa kwa mizigo iliyozidi kimo au uzito wa kawaida. Kipande cha kudumu kilifunguliwa Septemba 15. Siku 27 kwa njia ya muda, siku 115 kwa daraja la kudumu, na hapo nguzo za zamani zilikuwa zimebaki nzima.

Kwa hiyo ukiwa mwandishi wa habari, diwani, msafirishaji au mkazi wa ng'ambo, usikadirie tarehe moja. Kadiria zote tatu. Ifuatayo ndiyo njia ya kuifanya hesabu hiyo.

Tazama kwanza kilichobaki kimesimama

Muda unategemea zaidi uzima wa kilichobaki kuliko ukubwa wa kilichoanguka. Daraja, ukilisoma kutoka chini kwenda juu, lina msingi, nguzo, boriti, na sakafu ambayo magari hupita. Pande zote mbili kuna tuta la udongo linaloliunganisha na barabara. Kadiri uharibifu unavyoshuka chini, ndivyo siku zinavyoongezeka.

Likisombwa tuta peke yake, daraja lenyewe likabaki limesimama kama kisiwa, gari la kwanza linaweza kupita ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Hali hii ni ya kawaida sana kwetu nyakati za mafuriko. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga wilayani Kilwa, na kazi ya kwanza pale ilikuwa kujaza mawe na kifusi ili magari yapite.

Zikianguka boriti na sakafu huku nguzo zikiwa nzima, hesabu wiki kadhaa hadi miezi mitatu au minne. Skagit iko hapa. Nguzo moja ikivunjika, unaingia kwenye miezi miwili hadi sita. Mei 26, 2002, meli ya kusukuma matishari iligonga daraja la I-40 huko Webbers Falls, Oklahoma, na watu 14 wakafa. Barabara ilifunguliwa Julai 29 mwaka huohuo. Ile ni kasi kubwa mno, iliyotokana na kazi ya usiku na mchana, kwa hiyo usiichukue kama kipimo cha kawaida.

Misingi ikiharibika, au daraja zima likiondoka, hesabu mwaka na kuendelea. Daraja la I-35W la Minneapolis lilianguka Agosti 1, 2007 na kuua watu 13. Jipya lilifunguliwa Septemba 18, 2008, na hilo lilihesabiwa kuwa la haraka. Daraja la Morandi la Genoa, Italia, lilianguka Agosti 14, 2018 na kuua watu 43. Lililochukua nafasi yake lilizinduliwa Agosti 3, 2020.

Unatambuaje kama msingi umeguswa? Simama mwisho wa daraja, uinamishe kichwa hadi jicho liwe usawa wa kingo za pembeni, kisha utazame mstari wa kingo kuelekea upande wa pili. Mstari ukizama mahali fulani au ukipinda, kuna nguzo iliyoshuka au kuinama. Tazama pia pengo la kiungio kati ya kipande na kipande: likiwa pana upande mmoja na finyu upande mwingine, nguzo imezunguka. Ufa mpya kati ya tuta na ukuta wa mwisho wa daraja maana yake udongo wa nyuma unaondoka.

Kuna jambo moja linalodanganya hata watu wazoefu. Wakati wa mafuriko maji huchimba shimo kuzunguka mguu wa nguzo, wakati mwingine mita kadhaa kwenda chini. Maji yakipungua, shimo lilelile hujazwa mchanga laini ulioletwa na mto. Ukifika siku ya tatu unaona mchanga umekaa vizuri na nguzo imesimama, unasema ni nzima, kumbe imeshikwa na mchanga usio na nguvu yoyote. Mafundi hulipima kwa fimbo ya chuma: nondo ya milimita 20 ikizama mita mbili kwa kusukumwa na mikono miwili, hapo hapana ardhi ya kubeba daraja. Tangazo la kwamba nguzo ziko salama likitolewa kabla ya kipimo hicho, liongezee wiki kwenye makadirio yako.

Ongeza siku za kuondoa mabaki na za uchunguzi

Kabla hata ya kifusi cha kwanza kumwagwa, waliopotea hutafutwa, vyuma vilivyoanguka hukatwa na kuondolewa, na wachunguzi hupima na kupiga picha kila kipande. Kwa daraja dogo kazi hii huchukua siku 2 hadi 7. Kwa kubwa lililoangukia njia ya meli ni wiki nyingi: daraja la Francis Scott Key la Baltimore liligongwa na meli Dali Machi 26, 2024, wafanyakazi sita wakafa, na njia ya meli ilifunguliwa kikamilifu Juni 10.

Daraja lililoungua lina uchunguzi wake. Chuma cha boriti hupoteza takriban nusu ya nguvu yake kikifikia nyuzi joto 550 hadi 600, na moto wa tangi la petroli hupita hapo bila shida. Zege lililopata joto kali, kuanzia nyuzi 300 hivi, mara nyingi hugeuka rangi ya waridi. Mhandisi hutoboa vipande vya mviringo na kuangalia rangi hiyo imeingia sentimita ngapi ndani. Ikiishia kwenye ngozi ya juu, nguzo inakwanguliwa na kuvishwa zege jipya. Ikifika kwenye nondo, nguzo yenyewe huenda ikabidi ivunjwe, na hapo unahama kundi.

Mfano mzuri ni Oakland, California. Aprili 29, 2007, tangi la petroli liliungua chini ya daraja la makutano yanayoitwa MacArthur Maze, na barabara ya juu ikaanguka juu ya ile ya chini. Barabara ya chini ilifunguliwa Mei 7. Ile ya juu ilirudi Mei 24, kwa sababu vipimo vilionyesha nguzo zinafaa na kilichotakiwa ni boriti na sakafu.

Kadiria njia ya muda

Hapa ndipo tarehe ya kwanza na ya pili zinapopatikana. Njia zinazotumika zaidi ni mbili: mchepuko wa udongo wenye makalavati, au daraja la chuma la kuunganisha.

Mchepuko hesabu yake ni ya malori. Chukua mchepuko wenye urefu wa mita 60, kimo mita 3, upana wa juu mita 7, na pande zinazoteremka mita moja na nusu kwa kila mita moja ya kimo. Upana wa chini unakuwa mita 16. Eneo la mkato wa tuta hilo ni mita za mraba 34.5, ukizidisha kwa 60 unapata mita za ujazo 2,070 zilizoshindiliwa. Udongo uliolegea kwenye lori huvimba kwa kama robo, kwa hiyo unahitaji kubeba 2,590 hivi. Kwa tipa la mita 15 ni safari 173. Malori 10 yakienda safari 8 kwa siku, ni siku mbili na kidogo. Lakini machimbo ya moramu yakiwa mbali, safari zikashuka hadi 4 kwa siku, umefika siku nne na kidogo, na hapo hujahesabu kulaza makalavati na kushindilia tabaka za sentimita 15 hadi 20 moja baada ya nyingine. Mchepuko wa namna hii, kazi ikienda usiku na mchana, ni siku 4 hadi 10. Ukisikia saa 48, uliza machimbo yako wapi na malori ni mangapi.

Mchepuko hufa kwa sababu mbili. Magogo na matete huziba midomo ya makalavati, maji yanapanda na kuvuka juu. Au maji huvuka juu kabla ya mawe kupangwa upande wa chini, yakaanza kula tuta kutokea nyuma. Kalavati la milimita 900 linaziba upesi. Afadhali machache ya milimita 1,200 kuliko mengi membamba, na juu ya kila moja kuwe na udongo walau sentimita 60 ili lori lisilivunje. Sehemu ya katikati iwe chini kidogo kuliko ncha zake na ifunikwe mawe makubwa au gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), ili mafuriko yakija yapite juu bila kuondoka na barabara. Mchepuko usio na mawe upande wa chini unadumu mpaka mvua inayofuata. Ukiuona hivyo, mwambie mteja wako kwamba barabara inaweza kukatika tena.

Daraja la kuunganisha linalojulikana zaidi ni la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Uzuri wake uko kwenye kipande chake: fremu ya chuma yenye urefu wa mita 3.05, uzito wa kilo 260 hivi, inayobebwa na watu sita bila kreni. Vipande vinaungwa kwa pini, vinawekwa juu ya roli upande mmoja, kisha daraja zima linasukumwa kuvuka mto. Mbele yake hufungwa pua, yaani fremu tupu zisizo na sakafu, ili daraja lisipinduke mtoni kabla ya kufika ng'ambo. Pua hiyo hufikia nusu ya urefu wa daraja au zaidi, na wengi huisahau wanapohesabu vipande.

Kosa kubwa la makadirio liko kwenye urefu. Pengo la mita 20 halivukwi kwa daraja la mita 20, kwa kuwa ukingo uliobaki ni udongo uliolegea. Kanuni ya kazini ni kupiga mstari wa nyuzi 45 kutoka mguu wa ukingo, na kiti cha daraja kikae nyuma ya mstari huo. Ukingo ukiwa wima wenye kimo cha mita 4, unarudi nyuma mita 4 kila upande. Pengo la mita 20 limekuwa 28, na kwa vipande vya mita 3.05 unahitaji safu 10, sawa na mita 30.5. Ukiweka fremu mbili kila upande, ni fremu 40 kabla ya pua. Ghala likiwa na vipande vyote, ni siku 2 au 3 za kusafirisha, siku 3 hadi 5 za kuandaa viti vya zege au vya magogo, na siku 3 hadi 7 za kuunganisha na kusukuma kwa kikosi cha watu 25 hadi 40. Vipande vikikosekana, safari ya meli peke yake inaweza kula miezi miwili.

Kisha soma kibao cha tani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye uzito wa jumla hadi tani 56. Daraja la muda la urefu huo mara nyingi huwekewa kikomo kilicho chini sana ya hapo, gari moja kwa wakati, mwendo wa kutembea. Hiyo ndiyo tofauti ya tarehe ya kwanza na ya pili. Basi litavuka, pikipiki itavuka, lori la mafuta litabaki kuzunguka. Mafuriko ya mto Katonga yalipoharibu barabara ya Kampala–Masaka nchini Uganda Mei 2023, magari yalizungushwa kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria, na gharama ya mzunguko wa aina hiyo hubebwa na bei ya unga dukani. Mamlaka inayotangaza tarehe bila kutaja tani imewaacha wasafirishaji gizani, na hilo halina sababu, maana tani hizo zinajulikana tangu michoro ya daraja la muda inapochaguliwa.

Ipo njia ya tatu, adimu lakini ya maana: kujaza pengo lote. Juni 11, 2023, tangi la petroli lilipinduka na kuungua chini ya barabara ya I-95 mjini Philadelphia, na daraja likaanguka. Kwa kuwa chini yake kulikuwa na barabara ya kutokea wala si mto, mafundi walijaza pengo kwa takriban tani 2,000 za kokoto nyepesi zilizotengenezwa kwa vioo vilivyosindikwa, wakaweka lami juu, na njia sita zikafunguliwa Juni 23. Siku 12. Wepesi wa kokoto hizo ulikuwa na faida mbili: tuta halikudidimia kwa uzito wake, na wajenzi waliweza kujaza bila kusubiri ardhi itulie. Penye mto usiitarajie njia hii.

Hesabu daraja la kudumu kwa mnyororo

Kazi ya daraja ni mnyororo, kila kazi ikisubiri iliyotangulia, na zipo kazi zinazoweza kwenda sambamba pembeni yake. Siku huhesabiwa kwenye mnyororo tu. Tuchukue mfano wa kawaida: daraja la kipande kimoja cha mita 30, upana mita 9.5, boriti tano za zege, kuta mbili mpya za mwisho, kila moja juu ya nguzo nne za msingi zilizochimbwa mita 18 kwenda chini.

Mtambo wa kuchimba ukifika na kufungwa, siku 14 zimekwenda. Nguzo ya msingi yenye kipenyo cha mita 1.2 humeza karibu mita za ujazo 20 za zege, na mtambo mmoja humaliza moja kwa siku moja au mbili, kwa hiyo nguzo nane ni siku 12. Unasubiri siku 7 zege la mwisho lipate nguvu na kupimwa kama lina matundu. Kilemba cha zege kinachozifunga nguzo hizo pamoja ni siku 12. Kuta zote mbili, ya pili ikifuata ya kwanza kwa wiki moja, ni siku 28. Kuinua boriti ni siku 3. Kufunga mbao, kusuka nondo na kumwaga sakafu ni siku 15. Kusubiri sakafu ni siku 21, na wakati huo tuta la nyuma ya kuta hujazwa. Viungio, kingo, lami na michoro ya barabarani ni siku 14. Jumla ni siku 126.

Boriti hazikuonekana kwenye jumla hiyo kwa sababu zinatengenezwa uwanjani wakati misingi inachimbwa. Boriti moja ya mita 30 ina uzito wa tani 38 hivi. Kwa fremu moja ya kumwagia hupata moja kila siku nne, kwa hiyo tano ni siku 20. Ongeza siku 10 za kuandaa fremu na siku 7 za boriti ya mwisho kupata nguvu, unapata 37.

Sasa angalia kinachotokea misingi na kuta za zamani zikiwa nzima. Mtu hupunguza siku 73 za misingi na kuta, kisha kutangaza siku 53. Hapo amekosea, kwani boriti sasa zimeingia kwenye mnyororo: 37 za boriti, 3 za kuinua, 15 za sakafu, 21 za kusubiri, 14 za kumalizia, jumla 90. Ndiyo maana swali la boriti zinatoka wapi na ngapi kwa wiki lina thamani kuliko swali la mkandarasi ana wafanyakazi wangapi. Boriti za chuma zikiagizwa nje, weka miezi mitatu hadi mitano kabla ya kuinua chochote, isipokuwa uonyeshwe kwamba chuma kimeshakatwa.

Skagit walilitatua hili kwa akili. Walijenga kipande kizima cha kudumu pembeni, juu ya nguzo za muda, huku magari yakiendelea kuvuka madaraja ya chuma. Kisha walifunga barabara kwa muda usiofika siku moja, wakayatoa ya muda na kulitelezesha jipya mahali pake. Zege lilikuwa jepesi kuliko la kawaida ili nguzo za zamani zisizidiwe. Ukiona kipande kinajengwa pembeni namna hiyo, tarehe ya tatu itafika bila barabara kufungwa wiki nzima.

Kwa nini zege halikimbizwi

Kila mradi wa dharura kuna anayeuliza kwa nini sakafu iliyokwisha kuwa ngumu isipitiwe. Zege la kawaida hupimwa kwa nguvu yake ya siku 28. Siku ya 7 lina kama theluthi mbili. Linaonekana jiwe, lakini lori likipita boriti zinapinda kidogo na sakafu inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Nyufa hizo hupitisha maji hadi kwenye nondo, kutu inaanza, na baada ya miaka kumi sakafu inavimba na kumeguka. Lipo zege la kupata nguvu mapema, lenye saruji zaidi na dawa, linaloweza kufupisha kusubiri hadi siku chache. Ni ghali, linatoa joto jingi, na bila kulitunza kwa maji linapasuka lenyewe.

Sakafu ya mfano wetu, kwa unene wa sentimita 20, ni mita za ujazo 57: magari 10 ya kuchanganyia yenye mita 6 kila moja. Zote zinatakiwa zimwagwe mfululizo siku moja. Zege likae njiani kwa dakika 90 hivi tu, na kwenye jua la saa saba mchana hata hizo ni nyingi. Mtambo ukiwa umbali wa kilomita 80 kwenye barabara iliyojaa foleni ya magari yaliyokwama, mpango huo hautafanya kazi, ni lazima mtambo uhamie kwenye eneo la kazi, nao unahitaji wiki moja au mbili. Baada ya kumwaga, sakafu hufunikwa magunia na kuloweshwa walau siku 7. Penye upepo mkavu kama wa Dodoma, magunia yakikauka alasiri moja tu, nyufa zinaonekana asubuhi.

Ongeza makaratasi, mvua na fedha

Kabla ya siku 126 kuna usanifu. Vishimo vya kupima udongo vinatakiwa angalau kimoja kila ukuta, siku 3 hadi 5 kila kimoja, kisha maabara, kisha michoro. Mchoro wa daraja la kawaida ukitumika tena, wiki tatu zinatosha. Mchoro mpya ni miezi miwili na zaidi. Zabuni ya wazi huongeza miezi, mkataba wa dharura hupunguza hadi wiki. Kwenye MacArthur Maze mkandarasi aliomba dola 867,075 tu kwa sababu mkataba uliahidi bonasi ya dola 200,000 kwa kila siku aliyowahi, hadi milioni 5, akaichukua yote. Mkataba usio na zawadi ya kuwahi wala faini ya kuchelewa, uongezee asilimia 20 bila kusita.

Mvua ndiyo hakimu wa kazi za mtoni. Penye masika na vuli, misingi huchimbwa kwa utulivu Juni hadi Septemba. Kusini mwa Tanzania, ambako mvua ni ya msimu mmoja, dirisha ni Mei hadi Oktoba. Daraja likianguka Aprili, usanifu unaweza kwenda wakati wa mvua na misingi ikaanza kiangazi, hujapoteza kitu. Likianguka Novemba, huenda misingi isiguswe mpaka masika yapite, na hiyo ni miezi sita kabla ya mtambo wa kwanza kuchimba.

Kwa mfano wetu, siku 60 za usanifu na mkataba, 126 za ujenzi, na robo ya 126 kwa mvua, mitambo kuharibika na malipo kuchelewa, unapata siku 218. Sema miezi saba. Nyaya za mkongo na bomba la maji vilivyopita kwenye daraja la zamani vinaweza kuongeza mwezi kama hakuna aliyewaita wenyewe mapema.

Madaraja makubwa usiyaweke kwenye hesabu hii. Kwa Baltimore tarehe iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa vuli ya huko ya 2028. Usanifu ulipoendelea ikasogezwa hadi mwishoni mwa 2030.

Soma eneo la kazi kwa macho

Baada ya tangazo, eneo lenyewe litakuambia. Mtambo wa kuchimba ukiwa bado haujafika, misingi haijaanza hata kama jiwe la msingi limewekwa. Hesabu boriti zilizolala uwanjani: zikiwa mbili kati ya tano baada ya wiki tatu, fremu ni moja na inasuasua. Nondo zikichomoza juu ya kuta zikiwa na kutu nyekundu inayobanduka, kazi imesimama muda mrefu, uliza malipo. Magunia yenye maji juu ya sakafu ni habari njema, hesabu wiki tano hadi kufunguliwa. Tuta la nyuma likimwagwa kwa malori bila roli ya kushindilia, litadidimia, na ndani ya mwaka utagonga ngazi ya lami kila unapoingia.

Mwishoni utaona malori yaliyojaa mchanga yakipangwa juu ya daraja huku watu wakisoma vipimo vya kupinda chini ya boriti. Yakiondoka na boriti zikarudi mahali pake, kinachobaki ni rangi, vibao na saini.